Simu Iliyoshika Mbali

Somo la juma hili: 1 Samweli 3:1–18



Zamani mchungaji akienda kubariki nyumba aliombwa aombee milango, vitanda vya watoto na biashara ya baba. Siku hizi, chai ikishaletwa, kuna mtu atakayenyoosha kidole kwenye kidude cheupe kando ya runinga, kile kinachowaka taa ya rangi ya chungwa, aseme, "Mchungaji, na hii nayo iwekee mkono, imetushinda." Watu hucheka, ila msemaji mwenyewe hucheka nusu. Waifai ikisumbua katika nyumba ya Mombasa leo, hukwama mengi: mwana aliye Doha, masomo ya binti wa chuo, michango ya chama, na mazishi ya Taita au Rabai ambayo nusu ya ukoo huyafuata kwenye simu. Basi juma hili nitaliongelea jambo hili pamoja na ufundi wake, kwa sababu nilipolisoma tena somo letu niliona kijana Samweli alipatwa na kitu kinachofanana nalo sana.

Kwanza tuzitazame nyumba zetu. Anayekaa Mji wa Kale anaishi ndani ya kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita. Vyumba navyo ni vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupata ukuta mwingine wa kulalia. Waliojenga hivyo walitafuta ubaridi, na waliupata. Ingia nyumba ya Kuze au Ndia Kuu saa nane ya mchana mwezi wa Februari, utawashukuru. Lakini mawimbi ya waifai yanayotoka chumba cha mbele kwenda jiko la nyuma hugonga ukuta kila baada ya hatua chache, na kila ukuta hula sehemu yake. Masafa ya gigahezi 5, yenye kasi, huishiwa nguvu mapema. Yale ya gigahezi 2.4 yana mwendo wa taratibu lakini hupenya vizuri kidogo. Kwa jirani zetu wa Ganjoni, Kizingo na Tudor, adui ni zege lenye nondo, tangi la maji na kioo kikubwa cha kabati. Maji na chuma havina urafiki na mawimbi.

Ndiyo sababu wengi wameacha ruta moja inayojaribu kuhudumia nyumba nzima, wakaweka waifai ya meshi: visanduku viwili au vitatu vinavyopokezana. Kimoja, kile kikuu, kimeungwa na fiba. Vingine hutawanywa vyumbani, vikapokea kutoka kwa kikuu au kwa mwenzao aliye karibu. Jina la mtandao ni moja, paswadi ni moja, na muuzaji atakuahidi kwamba utatoka darini hadi barazani unaongea na simu bila kukatika. Mara nyingi ahadi hiyo hutimia. Ninalotaka kulisema linaanzia pale isipotimia.

Iko nyumba ya ghorofa, Mji wa Kale, ambamo tunakutana kwa ibada ya nyumbani. Nyanya anakaa chini. Mwanawe wa mwisho yuko Doha, na kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, humpigia kwa video. Kisanduku kikuu kiko juu, chumbani kwa mjukuu aliyelipia fiba. Cha pili kiko chini, juu ya kabati la vyombo, hatua mbili kutoka kiti cha nyanya. Hata hivyo uso wa mwana ulikuwa ukiganda mdomo wazi, na sauti ikija vipandevipande, hadi nyanya akazoea kujibu maswali ambayo hakuyasikia. Mjukuu alikuwa tayari kununua kisanduku cha tatu. Akaitwa kijana mmoja wa kwaya yetu ambaye kazi yake ni kufunga mitambo hii. Hakugusa kisanduku hata kimoja. Alimwomba mjukuu afungue programu ya mtandao wa nyumba, akaitafuta simu ya nyanya katika orodha ya vifaa, akaona imeshika wapi.

"Nyanya, leo ulipanda juu?"

"Nilipanda asubuhi kuanika nguo."

"Basi simu yako haijashuka bado."

Aliizima waifai ya simu ile, akangoja kidogo, akaiwasha. Ikashika kisanduku cha kabatini. Nyanya akampigia mwanawe saa ile ile, na uso ukaja mzima, una wasiwasi, unauliza kuna nini huko mbona leo si Ijumaa.

Mafundi wanalijua vizuri jambo hili. Katika waifai, kinachochagua pa kushika ni kifaa. Simu ikishashika mahali, haihangaiki kutafuta pengine mpaka mawimbi yadhoofike kupita kiasi fulani, na kiasi hicho kiliwekwa na waliotengeneza simu. Maadamu kisanduku cha mbali bado kinasikika kwa shida, itaking'ang'ania hicho hicho, hata kama kingine kiko mkono wa kulia. Visanduku vya kisasa vinaweza kuishauri, vikaiashiria kwamba yuko mwenzangu aliye karibu nawe zaidi. Vinaweza hata kuiachilia makusudi ili itafute upya. Lakini pa kushika tena, simu huchagua yenyewe.

Sasa mtazameni Samweli. Amelala hekaluni Shilo, mahali lilipo sanduku la agano. Usiku anaitwa. Anaamka, anakimbia kwa kuhani Eli. Eli anamrudisha akalale. Anaitwa tena, anakimbia tena kule kule. Mara ya tatu vivyo hivyo. Hapa hakuna kiziwi. Kijana alisikia kila mara, na kila mara aliinuka, tena kwa mbio, saa ambazo wengi wetu tungevuta shuka. Kasoro ilikuwa moja: jibu lake alilipeleka alikozoea. Tangu mama yake, Hana, alipomleta Shilo baada ya kumwachisha ziwa, mtu wa kumwita usiku alikuwa ni yule mzee aliyefifia macho. Msimulizi anatueleza kwamba Samweli alikuwa hajamjua Bwana bado. Aliyemwita alikuwa papo hapo alipolala. Yeye akakimbilia chumba kingine.

Wengi wetu tulikuja mjini kutafuta kazi, bandarini au mahotelini, tukaja na imani iliyoshikana na mahali tulipoipata kwanza. Yupo baba ambaye mpaka leo hafanyi uamuzi wa nyumba yake mpaka ampigie mchungaji wa kijijini kwao, mzee aliyestaafu ambaye hata majina ya watoto wa huyu baba hayajui. Yupo dada anayemfuata mhubiri wa runinga kutoka nchi ya mbali, naye hajawahi kumsalimu mzee wa kanisa anayetumia ngazi moja na yeye. Sina ugomvi na mhubiri wa runinga. Anahubiri vizuri kuliko mimi, na suti zake zinamkaa. Nasema tu kwamba mtoto akilazwa usiku wa manane, atakayefika na blanketi na chupa ya chai ni yule wa ngazini.

Hata hivyo hapo sijafika kwenye kiini. Mtu anaweza kumwacha mhubiri wa mbali akaja kumng'ang'ania mchungaji wa karibu, akawa amebadilisha chumba tu. Samweli hakumkimbilia mtu wa ovyo. Eli alikuwa kuhani halali, mlezi wake, tena alikuwa hatua chache kutoka alipolala. Ila Eli hakuwa ameita.

Mji wetu una kumbukumbu ya watu waliohangaika na jambo hili hili la kusikia, na wengi wanaopita kila siku mahali walipofanyia kazi hawaijui. Aprili 1942 ndege za Kijapani zilizoruka kutoka kwenye manowari zao ziliipiga Colombo, na meli za Uingereza za Bahari ya Hindi zikarudi nyuma hadi Kilindini. Pamoja nazo walikuja watu wa ofisi iliyokuwa ikisikiliza simu za upepo za Wajapani na kufumbua mafumbo yao. Walikuwa wamekaa Hong Kong, wakahamia Singapore, kisha Colombo, na sasa Mombasa. Walipewa shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari, wakafunga mitambo yao humo. Mbele yao hapakuwa na ukuta wa matumbawe wala zege, ni maji. Akili walikuwa nazo. Lakini mitambo ya Wajapani waliyotaka kuisikia ilikuwa upande wa pili wa bahari na zaidi, na kilichofika Kilindini kilikuwa hafifu, maneno yamekatika, tarakimu zimepotea. Kazi iliyokuwa ikisogea walipokuwa Colombo ikazorota.

Na bado mwezi Novemba mwaka ule ule walifanikiwa kufumbua fumbo moja kubwa, lile la meli za biashara za Japani lililoitwa JN-40. Mlango ulifunguliwa na mtuma ujumbe wa Kijapani mwenyewe. Alituma habari za meli akasahau kutaja mahali ilipo, kisha akatuma ujumbe ule ule tena kwa ufunguo ule ule, akiongeza mahali. Waliokuwa wakisikiliza wakaweka karatasi mbili sambamba, na tofauti ndogo kati yake ikawaonyesha jinsi fumbo lilivyofumwa. Mwaka 1943 kazi ile ikarudishwa Colombo, karibu na walikotaka kusikia. Nikipita kwenye shule ile huwa nafikiri kwamba kuongeza sauti ya redio hakukuwasaidia kitu. Kilichowasaidia ni ujumbe uliorudiwa, na baadaye kusogea. Naye Samweli aliitwa, akaitwa tena, na safari ya nne msimulizi anasema Bwana alikuja, akasimama pale.

Nirudi kwenye visanduku, kwa kuwa najua baadhi yenu mnasoma mkingoja dawa. Anzeni kwa kujua kama ugonjwa uko nje au ndani. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari yetu ilishusha nanga ikakata kebo ya TEAMS, ile iliyotoka Fujairah na kutua hapa Mombasa mwaka 2009, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa. Siku kama hiyo hata ukihamisha ruta mara ishirini unajichosha. Unganisha kompyuta moja kwa moja na kisanduku kikuu kwa waya. Ikifanya kazi hapo, tatizo ni la nyumbani, na swali la pili ni kama vifaa vyote vinasumbua au kimoja. Kimoja kikiwa ni kamera ya mlangoni au printa, huenda kinayajua masafa ya gigahezi 2.4 peke yake na kinashindwa kuunganishwa simu ya kukiandalia ikiwa kwenye yale mengine, au hakielewi ulinzi mpya wa paswadi ambao visanduku vya sasa huja nao. Kirudishie ule wa zamani kidogo, WPA2. Ulibadilisha paswadi? Kiambie kifaa kiusahau mtandao, kisha ukiingize upya. Na angalieni msiwe na ruta mbili zote zikijifanya mkuu wa nyumba, ile ya kampuni na ile mliyonunua, kila moja ikigawa anwani zake. Nyumba ya namna hiyo printa huwa haioni simu, na si printa tu. Ukuta wa matumbawe ukishindikana kabisa, pitisheni waya kati ya kisanduku na kisanduku, kwa upande wa ngazi, bila kutoboa kuta za watu.

Lakini kosa ninaloliona zaidi ni la mahali. Mtu ana chumba cha nyuma kisichopata kitu. Anachukua kisanduku cha pili, anakiweka mle mle ndani. Simu inaonyesha mistari yote imejaa, na hakuna ukurasa unaofunguka. Anashangaa. Mistari ile hupima nguvu iliyopo kati ya simu na kisanduku kilicho karibu. Haisemi chochote kuhusu kisanduku hicho kinapata nini kutoka kwa mwenzake. Kisanduku kilichowekwa mahali ambapo hakipokei hakina cha kugawa, ingawa kitaendelea kuwaka na kuita watu kwa jina la nyumba nzima. Dawa ni kukirudisha katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi ya kikuu bado yana nguvu.

Hili limenikaa moyoni kwa sababu linatuhusu sisi tunaosimama madhabahuni kabla halijawahusu ninyi. Mchungaji anaweza kuwa na mistari yote. Sauti ipo, kanzu imepigwa pasi, ratiba ya juma imejaa, ukimpigia anapokea. Watu wanamshika bila taabu. Swali ambalo mistari haijibu ni yeye mwenyewe ameshika wapi, na mara ya mwisho alipokaa kimya mbele za Mungu bila kutafuta la kuhubiri Jumapili ilikuwa lini. Shilo ilikuwa hivyo. Ibada ziliendelea, sadaka zililetwa, kuhani alikuwa kwenye kiti chake, na msimulizi anaanza sura kwa kusema kwamba siku zile ujumbe wa Bwana ulikuwa haba.

Kwa sababu hiyo nampenda Eli kuliko wahubiri wengi wanavyompenda. Tumezoea kumtaja kwa ajili ya wanawe, Hofni na Finehasi, walioiba nyama za sadaka na kufanya mengine, naye akawakemea kwa maneno laini bila kuwazuia. Hilo ni kweli na limeandikwa. Lakini usiku ule, mara ya tatu kijana alipofika mlangoni anahema, mzee alielewa. Yeye hakusikia kitu. Hakuna aliyemwita. Angeweza kusema, "Mwanangu umeota," na mambo yakabaki kama yalivyo, kijana akiendelea kumkimbilia kila usiku, na kuna raha fulani katika kukimbiliwa. Badala yake alimwambia arudi akalale mahali pake, akamfundisha na la kujibu akiitwa tena. Alimwachilia makusudi ili ashike pengine. Wazazi wenye mwana wa miaka ishirini na tano anayeomba ruhusa kwa kila jambo, na sisi wachungaji tunaofurahi kuambiwa kwamba pasipo sisi mtu hawezi hata kuomba, tungekaa na usiku ule wa Eli kwa muda.

Na kijana alipoacha kukimbia, kilichomfikia hakikuwa faraja. Kilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Isitoshe, haikuwa habari mpya. Rudini nyuma sura moja: mtu wa Mungu alikuwa amekwisha kuja kwa Eli mwenyewe, akamweleza yote haya, na hatuambiwi kwamba Eli alijibu neno. Ujumbe ule ule ulitumwa mara ya pili, safari hii kupitia kwa mtoto aliyemlea. Samweli alilala hadi asubuhi, akafungua milango ya nyumba ya Bwana, akiogopa kumweleza Eli maono yale. Eli akamwita, akamtaka asimfiche hata moja, tena kwa kiapo. Akaambiwa lote, naye akalipokea, akakiri kwamba aliyesema ni Bwana na afanye aonalo kuwa jema. Hakumlaumu kijana. Wala hakutafuta nabii mwingine wa kumpa habari tamu zaidi. Ninajua waumini, na ninajua viongozi wa kanisa, ambao wangeshahama usharika kwa ujumbe mdogo kuliko huo.

Jumamosi hii, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana watapita katika nyumba za wazee wanaokaa peke yao, kuanzia Mji wa Kale hadi Ganjoni, kuangalia simu na visanduku vyao. Hakuna malipo, soda inatosha. Paswadi iandikwe kwenye karatasi mapema, maana kila mwaka saa nzima huishia kuitafuta nyuma ya kalenda. Walio na wana ng'ambo wawaarifu mapema kwamba watapigiwa siku hiyo, wasije wakashtuka. Kwa ibada za nyumbani za juma lijalo someni sura ya nne ya kitabu hiki hiki, mpaka mwisho, hata pale inapouma.